Taa ya Tangi la Matumbawe: Ni Chakula Kabla ya Kuwa Pambo

Mwezi huu tunazungumzia ombi ambalo mama zetu hawakuletewa. Baba watoto, au kijana wetu wa sekondari, anataka kuweka sebuleni tangi la kioo lenye maji ya chumvi, na si la samaki peke yao, bali lenye matumbawe hai. Desturi hii ilikomaa kwanza katika nchi kama Ujerumani, Marekani, Uingereza na Japani. Wenzetu wanaoishi huko huiona katika nyumba za majirani, na pole pole inaingia pia katika nyumba zetu. Sisi wenyewe si wageni wa matumbawe. Nyumba za kale za Lamu na Unguja zimejengwa kwa mawe yake, na samaki wengi wa kitoweo cha pwani hukulia kati yake.

Je, jambo hili linatuhusu nini sisi akina mama? Linatuhusu sana. Furaha ya wiki ya kwanza ikipita, ni nani huwasha na kuzima taa wengine wakiwa kazini na shuleni? Ni nani hununua umeme? Na ni nani humweleza mtoto kwa nini kile alichokipenda kimekuwa cheupe na kufa? Vifaa vya tangi ni vingi, lakini taa ni kati ya vile vya bei kubwa, na ndiyo hununuliwa vibaya mara nyingi, kwa sababu watu huichukua kuwa pambo. Kwa samaki ni sawa, taa ni pambo. Kwa tumbawe, taa ni chakula. Tukilishika hilo, maswali mengine yote ya dukani yanakuwa mepesi.

Tumbawe hula nuru

Tumbawe huonekana kama ua au jiwe, lakini ni mnyama. Ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia nuru kutengeneza sukari kama yafanyavyo majani ya mahindi shambani, kisha humpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya sukari hiyo. Matumbawe mengi ya maji ya kina kifupi hupata kwa njia hii hadi asilimia 90 ya nguvu wanazohitaji. Wataalamu huita kazi hiyo ya mwani usanisinuru.

Basi tumbawe lililowekwa chini ya taa dhaifu linakaa na njaa. Halifi siku ile ile. Hupungua kidogo kidogo kwa wiki na miezi, na mwenye nyumba hudhani ni ugonjwa wa maji. Kwa upande mwingine, nuru ikizidi, mwani hudhurika na tumbawe huutoa nje ya mwili wake. Hapo hubaki jeupe, na hali hiyo huitwa kupauka. Joto hufanya vivyo hivyo, na vikikutana joto na nuru kali madhara huwa makubwa zaidi. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi yalipauka na kufa kuanzia pwani ya Kenya na Tanzania hadi Shelisheli na Maldivi. Bahari nzima ikiweza kuumia hivyo, tangi dogo la sebuleni huumia upesi zaidi.

Kwa nini taa za LED

Zamani wafugaji wa matumbawe walitumia taa kubwa za metali halaidi za wati 150, 250 au hata 400. Zilitoa nuru nzuri, lakini zilipasha maji joto kama jiko. Wengine walitumia mirija membamba ya floresenti iitwayo T5, ambayo huangaza sawasawa kila pembe, lakini nguvu yake hushuka na hubadilishwa karibu kila mwaka.

Taa za LED zilichelewa kufaa kazi hii kwa sababu hapakuwa na LED ya buluu yenye nguvu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanasayansi watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Na tumbawe linahitaji hasa buluu, kwani maji ya bahari humeza rangi nyekundu kwanza, na buluu ndiyo huzama mbali. Mwani ulioishi huko chini tangu zamani umezoea rangi hiyo.

Faida za LED kwa nyumba ni tatu. Hula umeme kidogo zaidi. Haimwagi joto jingi ndani ya maji, jambo kubwa kwa wanaokaa Mombasa, Dar es Salaam au Maskati, kwa sababu matumbawe hupenda maji ya kati ya nyuzijoto 24 na 27. Tatu, nyingi huweza kupunguzwa na kuongezwa nguvu, na kupangiwa saa za kuwaka na kuzimika zenyewe.

Tusinunue kwa macho

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Muuzaji huwasha taa, tunaona inang'aa, tunalipa. Lakini jicho letu si shahidi mwema. Twendeni hatua kwa hatua.

1. Lumeni. Namba hii huandikwa kwenye maboksi ya balbu za nyumbani. Hupima mwangaza jinsi jicho la binadamu linavyouona, na jicho letu hupenda zaidi rangi ya kijani na njano kuliko buluu. Taa ya sebule inaweza kuwa na lumeni nyingi na bado ikaliacha tumbawe na njaa.

2. Wati. Wati hutuambia umeme unaoliwa, si nuru inayotoka. Isitoshe, baadhi ya taa za bei rahisi huandikwa wati nyingi kuliko zinazotumia kweli. Tuulize: inavuta wati ngapi kwenye soketi?

3. Kelvini. Namba hii hueleza rangi ya nuru. Balbu yenye rangi ya joto ya chumbani ni karibu 2,700, mwanga mweupe wa mchana ni karibu 6,500, na taa za matumbawe mara nyingi huwa kati ya 10,000 na 20,000, yaani zinaelekea buluu. Inatusaidia kutambua aina ya taa, lakini haitupi nguvu yake.

4. PAR. Hiki ndicho kipimo cha kweli. Ni kiasi cha nuru ambayo mimea na mwani huweza kuitumia, na huhesabiwa kwa mikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Tusiogope jina refu. Tuichukue namba tu, kama tunavyoichukua namba ya shinikizo la damu kliniki bila kuifungua mashine. Jua kali la mchana wa nchi zetu hufika karibu 2,000. Ndani ya tangi hatuhitaji kiasi hicho. Matumbawe laini, pamoja na yale ya uyoga, huridhika na kati ya 50 na 150. Matumbawe magumu yenye nyama nene hukaa vizuri kati ya 75 na 150. Yale magumu yenye matawi membamba kama pembe za paa hutaka kati ya 200 na 350.

Taa inayoaminika huja na mchoro unaoonyesha PAR katika vina mbalimbali, katikati na pembeni. Muuzaji akishindwa kuutoa, tuwe waangalifu. Katika nchi ambazo ufugaji huu umekomaa, maduka na vyama vya wafugaji huazimisha au kukodisha kipima PAR. Kifaa hicho ni ghali, hivyo kukikodi siku moja ni busara kuliko kukinunua. Simu ya mkononi haitoshi kwa kazi hii, kwani huikosea hasa nuru ya buluu.

Na jambo moja tunalolijua vizuri sisi kinamama. Tukinunua khanga, huitoa nje ya duka tukaitazama juani, maana taa za dukani hudanganya rangi. Duka la matumbawe nalo hupenda kuwasha buluu peke yake, ambayo hufanya matumbawe yang'ae kama vito. Tuombe wawashe nyeupe pia. Hapo tutaona rangi ya kweli, na pia kama tumbawe ni zima au limeanza kuvuka mfupa.

Tupime tangi letu kwanza

Taa hununuliwa baada ya kujua mambo matatu: urefu na upana wa tangi, kina chake, na aina ya matumbawe tunayotaka. Tuchukue mfano wa tangi la urefu wa sentimita 90, upana 45 na kina 45, ambalo hubeba karibu lita 180. Taa nyingi za LED zenye umbo la mraba huangaza vema eneo la kati ya sentimita 45 kwa 45 na 60 kwa 60. Kwa tangi hili taa moja katikati itaacha giza pande mbili, hata ikiwa na nguvu nyingi. Taa mbili ndogo zinazowashwa kwa nguvu ya wastani ni bora kuliko moja kubwa inayochoma katikati na kuacha pembe.

Kivuli nacho ni adui. LED ni vitone vidogo vya nuru, na jiwe likikingama, upande wa chini wa tumbawe hubaki gizani na kufa. Ndiyo maana taa yenye vitone vilivyotawanyika, au yenye kioo cha kusambaza nuru, hufaa kuliko ile iliyojazana mahali pamoja. Kuinua taa sentimita 20 hadi 30 juu ya maji pia husaidia nuru kutawanyika.

Nuru hupungua kadiri tunavyokwenda chini. Basi wenye njaa kubwa ya nuru huwekwa juu ya mwamba, na wenye kuridhika upesi huwekwa chini na pembeni. Hatuhitaji taa ya kuifanya sakafu ya tangi iwe kama mchana wa jangwani.

Bei ya taa na bei ya umeme

Tusiishie kwenye bei ya dukani. Hesabu yake ni rahisi: wati mara saa, gawanya kwa 1,000, unapata yuniti. Taa mbili za LED zenye wati 50 kila moja, zikiwaka saa 9 kwa siku, hula yuniti 0.9, yaani karibu 27 kwa mwezi. Taa mbili za metali halaidi za wati 150 kwa saa zizo hizo hula yuniti 81. Zidisha kwa bei ya yuniti unayolipa nyumbani kwako, na utajua mzigo wa kila mwezi kabla haujaingia ndani. Tukumbuke pia kwamba pampu za maji hazilali. Nazo ziingie kwenye hesabu.

Taa nyingi za LED huandikwa kudumu saa 50,000. Kwa saa 9 kwa siku hiyo ni miaka 15. Lakini chumvi hula feni, na adapta huchoka mapema kuliko taa yenyewe. Kwa hiyo maswali ya dukani ni haya: Dhamana ni ya muda gani? Feni na adapta zinapatikana peke yake? Nani hutengeneza hapa mjini? Taa ya bei rahisi isiyo na kipuri ni ghali.

Na umeme ukikatika? Taa ikizimika siku moja, tumbawe huvumilia, kama linavyovumilia siku ya mawingu. Pampu ikisimama, maji hukosa hewa na viumbe huweza kufa kwa saa chache. Kama tuna betri ya akiba, iende kwenye pampu kwanza, si kwenye taa.

Usalama wa watoto

Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana, na taa hukaa juu ya maji hayo. Haya tusiyafanyie mzaha.

Taa ifungwe imara, isiegemezwe tu juu ya kioo. Waya ushuke chini ya usawa wa soketi kisha ndipo upande, ili tone la maji lianguke sakafuni badala ya kuufuata waya hadi kwenye umeme. Laini ya tangi iwe na swichi ya usalama ambayo mafundi huiita RCD, ya miliampia 30, inayokata umeme mara unapovuja. Tuzime na kuchomoa kabla ya kuingiza mikono majini.

Mtoto anayekaa sakafuni hutazama taa kwa chini, moja kwa moja. Buluu hiyo ni kali kwa macho, hivyo tuweke ukingo wa kuzuia, au tuishushe taa ndani ya kifuniko. Tusiweke tangi katika chumba cha kulala cha watoto, maana nuru ya buluu usiku huchelewesha usingizi. Sebuleni, tunaweza kuipanga iwake saa sita mchana na kuzimika saa tatu usiku. Hivyo familia huifaidi jioni, na matumbawe hupata saa 9 za kutosha.

Zaidi ya hayo, baadhi ya matumbawe laini yanayofanana na vifungo vya nguo hubeba sumu kali iitwayo palitoksini. Anayeyasogeza karibu au mbali na taa avae glavu na miwani ya kukinga macho, na watoto wasiyaguse.

Taa mpya isiwashwe kwa pupa

Taa ikishafika, kila mtu hutaka kuiona kwa nguvu zake zote. Hapo ndipo matumbawe huungua. Yafaa tuanze na nguvu ndogo, karibu nusu ya tunayokusudia au chini yake, kisha tuongeze kidogo kila wiki kwa muda wa wiki nne hadi sita. Ni kama mtoto tunayemwachisha ziwa: chakula ni kizuri, lakini tumbo lina hatua zake.

Kisha tujifunze kusoma dalili. Tumbawe linalokuwa la kahawia na kujinyoosha juu mara nyingi linaomba nuru. Linalopauka na kujikunja mara nyingi linasema nuru imezidi, na tupunguze au tulishushe chini. Lakini joto na uchafu wa maji huleta dalili zinazofanana na hizo, hivyo tupime maji pia, na tubadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja. Daftari dogo karibu na tangi linatosha: tarehe, nguvu ya taa, joto la maji, tulichoona. Kazi hii mtoto wa darasa la tano huiweza, na humfundisha kwamba kiumbe kilichofungwa ndani ya kioo hakiwezi kujitafutia, kinamtegemea yeye.

Kama fedha hazitoshi

Tuseme wazi, kwa sababu mazungumzo haya ya nyumbani ni mazito kuliko yanavyoonekana. Baba akitaka tangi na mama akiwaza ada ya shule, wote wana haki ya kusikilizwa. Mkae pamoja na karatasi moja. Andikeni bei ya taa, yuniti za kila mwezi, na akiba ya kipuri. Kama karatasi inakubali, nendeni. Kama haikubali, yapo mapatano mazuri. Mnaweza kuanza na samaki na mawe peke yake, ambao taa yoyote ya heshima inawatosha. Au mnaweza kuanza na matumbawe laini, yanayoridhika na taa ndogo, na mkaacha yale ya matawi hadi mfuko utakapokua. Lisilofaa ni kununua matumbawe leo na kuahidi taa mwezi ujao. Mgeni haalikwi kabla chakula hakijapatikana.

Kuna sababu nyingine ya kutoharakisha. Kila tumbawe linalokufa kwa taa mbaya hutafutiwa jingine la kujaza pengo. Matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya mkataba wa CITES, na kuyavusha mipaka ya nchi kunahitaji kibali. Basi tuulize kila mara kama tunachonunua ni kipandikizi kilichokatwa kwenye tumbawe lililokuzwa ndani ya tangi, au kimevunjwa baharini. Na tusimruhusu mtu yeyote kwenda ufukweni kutuvunjia mwamba. Mwamba ule ndio unaolea samaki wa kitoweo, na ndio unaovunja mawimbi kabla hayajafika kwenye nyumba za watu.

Kwa hiyo, tunapokwenda dukani tusiulize kwanza, "Hii inapendezaje?" Tuulize, "Hii inalisha nani, kwa kina gani, na kwa yuniti ngapi?" Muuzaji mwenye majibu matatu ndiye wa kununua kwake. Asiye nayo tumuage kwa adabu, tukatafute kwingine. Tangi linaweza kusubiri mwezi mmoja likiwa tupu bila kudhurika. Kiumbe hai hakiwezi kusubiri mwezi mmoja bila kula.